Asubuhi Mbili Nilizozifuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shirika letu la uchapaji, Bwana Mkurugenzi, wakuu wa idara, wahariri, pamoja na mhariri wetu mstaafu uliyekuja na mkongojo wako, wapanga kurasa, wachapaji, wafunga vitabu, watunza ghala, madereva na dada zetu wa mapokezi, waandishi mliotuamini na maneno yenu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu, mwalimu wa hesabu, ambaye naona umeshatazama saa mara mbili na mimi sijaanza: nawasalimuni nyote kwa heshima na mapenzi. Kama yupo niliyemruka, anisamehe, maana kuruka ndilo kosa ambalo kwa miaka thelathini na moja, mimi msahihishaji wenu, niliajiriwa kulizuia.

Najua mnavyoniita nikiwapa mgongo. Mama Futa. Msitazamane, jamani! Jina hilo nimelijua tangu mwaka wangu wa tatu hapa, na aliyelianzisha ni fundi wa ile mashine kubwa ya chini, yule aliyejibanza nyuma ya nguzo sasa hivi akidhani nguzo ni nene kuliko yeye. Sikulichukia hata siku moja. Nilifuta kweli. Nilifuta neno lililojirudia, nilifuta sentensi iliyozunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mwandishi aliyekuja kulalamika nilimwonyesha kiti, nikamwonyesha kamusi, akaondoka ameshukuru. Kwangu mimi kitabu kilikuwa kama shati: kola juu, vifungo mbele, mikono miwili, basi. Ukiniletea shati lenye mikono mitatu, nachukua mkasi bila kukuuliza huo wa tatu ni wa nani.

Sasa, Bwana Mkurugenzi amesimama hapa muda si mrefu akanimwagia sifa mpaka nikawa namtafuta huyo mtu anayesifiwa. Amesema mimi ni jicho la shirika. Amesema hakuna koma iliyowahi kunipita ikiwa hai. Kisha, kama ushahidi, akakitaja kitabu kimoja, kile kitabu cha nyumba, kilichotoka miaka saba iliyopita, kikapewa cheti cha Kitabu Safi cha Mwaka na chama cha wachapaji, cheti ambacho mpaka leo kimetundikwa mapokezi na kila mgeni anakisoma akisubiri kuitwa. Nilikuwa nimeketi pale, nasikia kila neno. Nilikuwa na hotuba nyingine, fupi, ya kuaga na kulia kidogo. Hii ninayoitoa ndiyo niliyoiogopa. Bwana Mkurugenzi, kitabu kile nilikiharibu mimi.

Naomba utulivu. Mtapata nafasi ya kunong'ona wakati wa soda.

Mswada ule uliletwa na fundi wa lifti. Ndiyo, fundi wa lifti, mwanamke, ambaye huingia kwenye lile shimo refu la ukutani akiwa na spana kiunoni, ilhali wengine wetu tunaomba dua kabla ya kubonyeza kitufe. Ulikuwa umepigwa chapa vizuri, karatasi safi, nikafurahi. Kisha nikaanza kusoma. Weee! Palikuwa na nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake zinawahesabu wanaopanda na wanaoshuka, na kila jioni hesabu haikubali, kuna mmoja amepanda na hakushuka. Palikuwa na mlango ulioandika barua ya kuomba likizo. Ukurasa mmoja ulikuwa mtupu, hauna hata namba. Na sura zenyewe zilihesabiwa hivi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tatu, ya tatu, ya saba.

Hizo sura tatu zilizoitwa zote "ya tatu" zilisimulia asubuhi moja. Mama anaamka, anabandika chai, anamketisha binti yake kwenye mkeka, anamchana nywele na kumsuka, maana ni siku ya kwanza ya shule. Mara ya pili asubuhi ni ile ile, ila chai imekuwa uji na mvua imekuwa jua. Mara ya tatu asubuhi ni ile ile tena, fupi, imeandikwa vizuri kupita zote, ila mtoto hayumo. Mama amesimama katikati ya chumba ameshika kitana, basi, sura imekwisha. Nikajisemea, lo, huyu fundi kachanganya karatasi zake, kaandika mara tatu akichagua iliyo bora, halafu kasahau kuzitoa zile nyingine, na mtoto naye kamsahau.

Kwa kawaida ningemuuliza mhariri. Lakini mhariri wetu, mnakumbuka, alikuwa ameanguka ngazini na kulazwa, mguu umefungwa plasta mpaka kiunoni. Akanipigia simu kutoka kitandani, mtu mwema yule, akaniambia: "Dada, kile kitabu cha nyumba ni cha ajabu kidogo. Kiache kama kilivyo."

Nikamjibu, "Ugua pole, kaka." Nikakata simu, nikasema moyoni: maskini, dawa za maumivu hizo.

Kaka, uko hapa, umenisikia. Ulipotoka hospitali ukaniuliza mbona kitabu kimebadilika, nikakwambia tumekubaliana na mwandishi. Hatukukubaliana. Mnajua utaratibu wetu: prufu, zile kurasa za majaribio, hupelekwa kwa mwandishi, na zikipita wiki mbili bila jibu tunahesabu amekubali. Bahasha ilikwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Wiki mbili zikapita kimya, nami nikauita ule ukimya ndiyo. Nilikudanganya, na wewe hukunidai ushahidi kwa sababu uliniamini. Naomba radhi mbele ya watu hawa wote, maana nilikukosea katika kazi yetu wote wawili.

Nilichokifanya nakitaja chote, kisije kikaonekana kidogo. Nilizipa sura namba zinazofuatana. Ule ukurasa mtupu niliuziba. Mlango niliunyima likizo. Asubuhi mbili za mwanzo nilizifuta, nikabakiza ile ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyopendeza, na mtoto nikamrudisha mwenyewe, kwa sentensi nne zangu mimi, nikamkalisha kwenye mkeka na kumsuka vizuri kabisa. Siku tisa, kazi ikaisha. Nilijipongeza, jamani! Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu leo nimeokoa kitabu.

Kitabu kilipotoka, fundi akaja. Alikuwa na ovaroli na mfuko wa vifaa, mikono ina grisi, akaogopa kugusa meza yangu. Nilidhani amekuja kushukuru. Akaniuliza kwa upole: "Mama, asubuhi zangu mbili ziko wapi?"

"Zilikuwa zinajirudia, mwanangu."

"Na mtoto? Nani kamrudisha?"

"Mimi. Ulimsahau."

Akanitazama, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma baadaye. Akasema: "Sikumsahau mimi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa spana, akatoa kitabu chembamba kilichochakaa, akakiweka mbele yangu. "Mama, umewahi kusoma vitabu vya namna hii?" Nikamuuliza namna gani. "Kisome tu. Ila usikisahihishe." Akaondoka, akapita ngazi, fundi wa lifti mzima.

Ndugu wageni, nilikasirika. Mimi nifundishwe kusoma? Nikakibeba kile kitabu saa ya chakula cha mchana, nikaenda nacho ghala la karatasi, mahali penye utulivu kuliko pote katika jengo hili, nikaketi juu ya marobota na kalamu mkononi, kusudi nimrudishie kikiwa chekundu kuanzia jalada. Msimulizi wake alikuwa foleni. Foleni yenyewe ndiyo inayosema! Imesimama mbele ya dirisha la ofisi, inajiita "sisi", inaumwa mgongo, inagombana na mkia wake, watu wanazaliwa ndani yake na wengine wanazeeka, na lile dirisha halifunguliwi. Kurasa kumi za kwanza nilihesabu makosa mia moja na kumi na mawili. Ukurasa wa ishirini nikasahau kuhesabu. Ukurasa wa arobaini foleni inasikia tetesi kwamba dirisha ni picha iliyochorwa ukutani, inajadiliana yenyewe kwa yenyewe, kisha inaamua kuendelea kusimama kwa sababu imeshazoeana, nami nikacheka peke yangu mpaka mtunza ghala akaja kuangalia kama nimeangukiwa na kitu. Nilikuwa nimewahi kuwa kiungo cha foleni ile, siku nilipofuatilia cheti changu cha kuzaliwa. Hakuna mwandishi aliyenyooka aliyewahi kuniandikia siku ile nikaitambua.

Tangu hapo nikashikwa na udadisi, na udadisi wa uzeeni ni ugonjwa mbaya, hauna chanjo. Nikawa naulizia maktaba, nawauliza wauza vitabu: mna chochote kisicho na mbele wala nyuma? Wakadhani nina matatizo nyumbani. Nikapata kitabu chenye sentensi moja tu, kurasa mia moja na tisini, nikawa natafuta nukta kama mtu anayetafuta choo mji wa ugeni. Nikapata hadithi iliyoandikwa yote kwenye fomu ya kuripoti kitu kilichopotea, na anayejaza fomu amepoteza sauti ya baba yake: rangi, anaandika, kahawia, mara ya mwisho ilionekana wapi, anaandika, jikoni. Nikalia ghalani, nikajipangusa kwa karatasi za shirika. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Nikapata kingine cha mji ulioamka ukakuta Jumanne haipo. Hicho nikakipeleka nyumbani, mume wangu akakichukua kwa dharau. Mnamjua, kwake mambo ni mbili na mbili. Akasoma kurasa tatu akaniambia, "Mama watoto, hiki kina kasoro. Wiki ya siku sita, mishahara wanalipanaje?" Nikamwambia endelea. Kesho yake nikamkuta ana karatasi na rula, anapiga hesabu ya kalenda ya mji ule, watoto waliozaliwa Jumanne watakuwa na umri gani. Siku ya tatu akaacha hesabu, akaniuliza: "Hivi mke wangu, wewe unadhani siku aliyokufa kaka yangu ilikuwa Jumanne?" Ilikuwa Jumanne. Miaka kumi na minne hakuwahi kuizungumzia.

Nisiwadanganye, si vyote vizuri. Vingine ni upuuzi mtupu, mtu kapindua kurasa ili tudhani kapindua dunia, na kalamu yangu bado ipo kwa ajili yao. Lakini nikajiuliza jambo ambalo naomba na ninyi mjiulize. Tulipokuwa wadogo tukategewa kitendawili, "Nyumba yangu haina mlango", nani kati yetu alimwambia bibi yake, samahani bibi, weka mlango? Sungura alipomdanganya fisi, nani aliuliza walikuwa wanazungumza lugha gani? Tulikuwa tunakaa kimya, macho yametutoka, tunataka kujua. Ni lini tuliacha kutaka kujua, tukaanza kutaka kurekebisha?

Mtasema, kama uliyajua yote hayo, mbona hukumtafuta fundi wa watu? Sikumtafuta. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Nilikuwa naona aibu, na cheti kipo ukutani, na mkurugenzi baada ya mkurugenzi ananipa mkono kwa sababu yake, na mficha uchi hazai, nilijua, ila niliendelea kuficha. Miaka saba, jamani. Mpaka alipokuja mwenyewe, na hakunijia mimi, aliijia lifti.

Mnakumbuka ile siku lifti ilipokwama mwezi wa pili uliopita. Mlicheka, mkapiga picha mlango. Aliyekuwa ndani ni mimi, na birika langu la chai. Nikakaa humo, taa inawaka na kuzima, mpaka nikasikia hatua juu ya kichwa changu na sauti ya mwanamke: "Mama, uko salama?"

"Niko salama, ila sijui niko wapi."

"Uko katikati. Ya pili umeiacha, ya tatu hujaifikia."

Nikaitambua sauti. Nikapiga moyo konde, nikauliza: "Wewe ndiye uliyeandika nyumba?"

Nikasikia spana inawekwa chini. "Na wewe ndiye uliyechukua asubuhi zangu."

Nawaambieni ukweli, mtu aliyesimama juu ya lifti uliyomo, ameshika vifaa, unazungumza naye kwa adabu ambayo hukujua unayo. Nikamwomba msamaha hapo hapo, nimeinua uso naitazama dari. Kisha nikamuuliza swali lililonikaa kooni miaka saba: "Mwanangu, uliposema hukumsahau wewe yule mtoto, ulikuwa na maana gani?"

Nimemwomba ruhusa ya kuwasimulia jibu lake, naye akasema, "Sema yote, mama, ila usitie chumvi." Nasimulia bila chumvi.

Alisema mama yake alikuwa ameanza kusahau. Kila siku alimsimulia asubuhi moja, ile ya kumsuka nywele siku ya kwanza ya shule, na kila siku kitu kimoja kilibadilika, chai ikawa uji, mvua ikawa jua. Binti hakumsahihisha, alisikiliza tu. Siku moja mama akaisimulia asubuhi yote mwanzo mpaka mwisho, na binti hakuwamo. Kilikuwepo kitana tu. Ndivyo alivyoandika, kama alivyosikia, mara tatu. Na alipomaliza kuandika akamsomea mama yake zile sura, na alipofika mwisho wa ile ya tatu, mama akamshika mkono, akasema: "Ngoja. Hapo pana mtu anakosekana." Akamtazama usoni. "Ni wewe?"

Ilikuwa ni baada ya miezi mitano ya mama kumwita binti yake muuguzi.

Kisha kitabu chetu kikatoka, kisafi, kikapewa cheti. Mswada alikuwa ametuletea nakala moja, na ile nyingine ilipotea walipohama nyumba. Kwa hiyo akamsomea mama yake kitabu chetu. Akafika pale, na mtoto yupo, amekaa kwenye mkeka, amesukwa vizuri kwa sentensi zangu nne. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hadithi nzuri. Huyo mtoto ni wa nani?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya lifti. Hata iliposogea, hata mlango ulipofunguka na ninyi mkapiga makofi, sikuweza kusimama, mkadhani ni hofu ya lifti. Mwandishi yule aliacha pengo kwa makusudi, kwa kipimo, kama fundi anayejua pengo la mlango likiwa dogo mno mlango haufunguki. Na mimi, jicho la shirika, nikaliona, nikaliziba, nikaenda nyumbani nikala nikashiba.

Nilimuuliza kwa nini hakuja kuuomba mswada wake. Akasema, "Nilidhani mlishauchana." Hakuna aliyemwambia kwamba miswada yetu hukaa ghalani miaka saba kabla ya kupelekwa kusagwa. Na wiki mbili zilizopita, katika kazi zangu za mwisho, nikaletewa orodha ya miswada ya kusagwa mwezi huu ili niitie saini, kama nilivyotia saini kila mwaka bila kuisoma. Safari hii niliisoma. Ulikuwa wa kumi na saba. Nikavua viatu, nikapanda juu ya maboksi mwenyewe, na mtunza ghala akinishikilia miguu huku akiniombea. Ndio huu hapa, kurasa mia mbili na sita, pamoja na ule mmoja mtupu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Jumatatu niliandika barua kwa Bwana Mkurugenzi kuomba kitabu hiki kichapwe upya kama kilivyoandikwa, na cheti kile kishushwe. Akanijibu kistaarabu kwamba suala litafikishwa kwenye Bodi. Nashukuru. Lakini mimi Bodi ikikaa nitakuwa nyumbani namwagilia mboga, na najua mambo yanavyolala kwenye mafaili yakaota ndevu. Bodi naiona imeketi mstari wa mbele, imekunywa chai yetu. Nauliza wakiwepo watu hawa wote: mtakichapa, au hamtakichapa?

Mwenyekiti anazungumza na Mkurugenzi. Tuwasubiri. Mimi nimesubiri miaka saba, dakika moja si kitu.

Anasema... sema kwa sauti, Mheshimiwa, na wa nyuma wasikie. Anasema kichapwe! Katibu, andika, andika na saa. Na wewe fundi wa mashine, toka nyuma ya nguzo, umesikia: sura ya tatu, ya tatu, ya tatu, kisha ya saba. Ukiona umekosea, hujakosea.

Asanteni. Makofi hayo si yangu, ila nimeyapokea kwa niaba.

Limebaki moja. Juzi nilimpelekea mwandishi mswada wake nyumbani, nikamwambia huu hapa, msomee mama. Akaushika, akaurudisha mikononi mwangu. Akasema: "Naogopa. Nikimsomea nyumbani tukiwa wawili, na asilione lile pengo, nitabaki peke yangu." Nikamwambia basi njoo usomee kwetu, kuna watu mia na hamsini, na viti vya kutosha. Amekuja. Yule pale, leo hana ovaroli. Na aliyeketi kati yake na mume wangu, mwenye kitambaa cha kijani, ndiye mama yake.

Ndiyo, mama, nakusema wewe. Shikamoo. Anasema marahaba, na anasema nimeongea sana. Ni kweli, mama, nakaa sasa hivi.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa kunivumilia, kwa kunikasirikia na bado kuniletea chai. Nawashukuru nyote mliokubali nifute, na zaidi nakushukuru wewe uliyekataa. Sijui kitatokea nini hapa mbele yetu. Pengine mama atasema neno, pengine atalala, pengine ataomba maji. Hata mimi sijui, na ninakwenda kukaa kitako nataka kujua.

Mwandishi, mwanangu, njoo kwenye kipaza sauti usome asubuhi zote tatu. Na ninyi wengine, atakapofika mwisho wa ile ya tatu, pale mwanamke aliposimama na kitana, mtaona kuna mtu anakosekana. Mtamjua ni nani, na ulimi utawawasha. Nawaomba kama mama yenu, kila mmoja wenu anyamaze, asimsaidie. Tumwachie mama.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa mpeni yeye.